Aliyelipia mboga kabla ya mavuno aulizwe mapema

Sokoni Nyangwe, mama anayeuza lengalenga hana haja ya kumwuliza mtu maoni. Ikifika saa nane za mchana na mafungu kumi bado yako mbele yake, amekwisha kujibiwa: bei iko juu, majani yamenyauka, ama jirani yake ameleta mazuri zaidi. Siku ya soko inayofuata anabadilisha. Hakuna karatasi, hakuna mkutano.

Ujuzi huo ni wa zamani pale. David Livingstone alipofika Nyangwe mwezi wa Machi 1871, kilichomshangaza ni wamama waliokuja kutoka ng'ambo zote mbili za Lualaba na kubishana bei tangu asubuhi. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa wafanyabiashara ya watumwa walifyatua risasi katika soko hilo hilo, wakaua mamia ya watu. Historia imeshika mauaji hayo, na ni haki. Lakini kabla ya risasi kulikuwa na soko, na katika soko hilo wanawake ndio waliokuwa na neno.

Neno hilo linapotea pale mboga zinapolipiwa kabla hazijaota. Mfumo wenyewe unaeleweka haraka kwa mtu wa Maniema anayejua likelemba. Familia zinakusanya franka kabla ya mbegu kununuliwa, mkulima analima kwa hesabu hiyo, na kila wiki kila familia inapokea fungu lake mpaka msimu uishe. Mvua ikiharibu, hasara ni ya wote. Wajapani waliuanza miaka ya 1970, Wamarekani mwaka 1986, na huko Ufaransa ulianzia Aubagne, karibu na Marseille, mwaka 2001. Kando ya Lualaba, ambako maji yakishuka wakati wa kiangazi udongo wa ukingoni unabaki na unyevu, wazo hilo si geni sana.

Ila lina shimo moja. Tuseme familia 30 zimetoa franka 10.000 kila moja. Mkulima ana franka 300.000 mkononi, anapanda. Bamia zinatoka kwa wingi, kila wiki bamia, na watoto nyumbani wamezichoka. Kwa mama wa sokoni, bamia hizo zingebaki juu ya meza na angejua siku ile ile. Hapa zinachukuliwa zote, kwa sababu zimeshalipiwa, na komite inaandika kwamba kazi inaendelea vizuri. Bamia zinaozea jikoni. Msimu unaofuata wanarudi wanachama 17, na mwenyekiti anasema watu wa hapa hawana moyo wa umoja.

Si moyo uliokosekana. Hakuna aliyewauliza, ama waliulizwa vibaya.

Kuuliza vibaya ni jambo la kila siku. Mgeni anakuja na karatasi ya Kifaransa, anawakusanya watu chini ya mwembe, chefu amekaa mbele, kisha anauliza kama wanachama wanaridhika. Wote wanajibu ndiyo, tunashukuru, mtusaidie tena. Nani atamwaibisha mzee mbele ya mgeni? Karatasi inajazwa, inaondoka, na hakuna aliyejifunza kitu. Swali lenye faida ni dogo na linaingia jikoni: wiki iliyopita ni mboga gani iliharibika nyumbani kwako? Ni mboga gani ulikwenda kununua sokoni wakati umeshalipa hapa? Mtu hahitaji ujasiri kujibu maswali hayo, wala hamtukani mtu. Na majibu mawili hayo yanamwambia mkulima apunguze nini na aongeze nini.

Tena aulizwe anayepika. Mara nyingi jina lililo katika daftari ni la baba, kwa kuwa ndiye aliyetoa franka, na ndiye anayeitwa mkutanoni. Sombe yenye majani magumu anaijua mama aliyeitwanga. Huko Kivu ya Kusini, shirika la Samwaki, yaani Sauti ya Mwanamke Kijijini, lilifanya kazi na FAO katika miaka ya 2000 kuanzisha vikundi ambamo wanawake wa vijijini walikaa pamoja, wakasikiliza redio na kuzungumza matatizo yao wao kwa wao. Kikao cha namna hiyo hakina gharama kubwa. Asiyejua kuandika anaweza kutia punje katika kibuyu, hindi kwa kuridhika na karanga kwa kutoridhika, kisha punje zinahesabiwa mbele ya wote. Karanga haina jina la mtu.

Wengine watasema mkutano mkuu wa mwaka unatosha. Ni kweli, sheria ya OHADA juu ya kooperativa, iliyopitishwa Lomé mwezi wa Desemba 2010 na ambayo Kongo imeingia ndani yake tangu 2012, inampa kila mwanachama kura moja katika mkutano mkuu, tajiri na maskini sawasawa. Haki hiyo ni ya kulindwa. Lakini lengalenga inavunwa baada ya wiki tatu au nne. Malalamiko ya Juni yakisubiri mkutano wa Desemba, yanakuta mashina yameshang'olewa. Nafasi nzuri ni siku ya kugawa mboga yenyewe, watu wakiwa wamesimama na mikoba, mara moja kwa mwezi.

Wakulima nao wana hoja yao, na isidharauliwe: wanachama hawajui kilimo. Mwanachama anataka nyanya katikati ya mvua, wakati ukungu unaozesha majani na matunda. Basi aambiwe hapana, na aambiwe kwa nini. Kuuliza maoni si kumkabidhi mtu jembe. Nafasi kati ya mche na mche, dawa, siku ya kupanda, hayo yabaki kwa anayejua. Kinachoudhi ni kusema neno lako na kutosikia lolote tena. Mtu akinyamaziwa mara mbili, mara ya tatu atajibu ndiyo, tunashukuru.

Wa kwanza kutafutwa, kabla hata ya wanachama waliopo, ni wale 13 waliokimbia. Hawana tena cha kupoteza, watasema kweli. Katika kijiji si kazi kuwapata: nyumba zao zinajulikana, na siku ya soko wako pale, wananunua mboga kwa mama mwingine. Mwenye kuwaendea aende na daftari, aende kabla mbegu za msimu mpya hazijanunuliwa, na asiende mwenyekiti.