Kijiwe Tulikiua Wenyewe

Nimeombwa niandike historia ya kijiwe chetu cha drafti pale Ngarenaro. Ombi lilitolewa mwaka jana, baada ya kumzika mwenzetu mmoja huko upande wa Meru, tukiwa tumekaa kwenye viti vya kukodi chini ya migomba, bakuli za loshoro mkononi. Walinichagua mimi kwa sababu moja tu: ndiye niliyekuwa naandika daftari. Kuanzia 1993, nikiwa kidato cha pili na mwandiko wangu ukisifiwa, mpaka 1999, kila mchezo wa Jumamosi na Jumapili uliochezwa kwenye ubao ule niliuandika mimi: nani kamfunga nani, nani kapewa adhabu, nani kasamehewa. Daftari bado ninalo. Wakubwa wakasema, basi kazi imekwisha, chalii aandike, tuchapishe kijitabu, tushone na fulana za kumbukumbu.

Haya, nimeandika. Ila najua hawatakipenda, ndiyo maana nimekileta hapa badala ya kuwapelekea wao. Jarida hili ni la vijana, na mimi ujana umeshanipita, lakini wenye jarida wamenivumilia.

Hebu niwape kwanza ladha ya mazungumzo ya siku ile. Mmoja akasema enzi zetu bwana, pale hapakuwa na mkubwa wala mdogo, fundi wa kiwanda cha matairi alikaa benchi moja na mpiga debe. Mwingine akadakia, pale hapakuwa na kamari, si kama watoto wa leo na mikeka yao. Wa tatu, aliyewahi kuwa msimamizi wa zamu, akasema sisi tulikuwa familia moja, mtu akikosekana siku mbili tunamtafuta kwao. Mwisho akazungumza Mwenyekiti wetu wa zamani, kwa ile sauti yake ya taratibu: kijiwe kiliuawa na mgambo, kwa sababu wenye madaraka hawapendi kuona watu wamekaa pamoja wanafikiri. Watu wote wakatikisa vichwa. Hata mimi nilitikisa, nilikuwa na tonge mdomoni.

Nimelijutia lile tonge mwaka mzima.

Sisemi yote yalikuwa uongo. Kijiwe kile kilikuwa kitu kizuri, na asiyekiona hivyo hakuwahi kukaa pale jioni ya Julai, baridi ya Meru inashuka, muuza kahawa anagonga vikombe, na watu ishirini wamenyamaza kimya wakitazama kizibo kimoja. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi chenye miraba 64, nyeusi na nyeupe, rangi ya kubakizwa na fundi. Huyu ana vizibo vya bia, yule vya soda, 12 kwa 12. Sheria ziliandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa duka: anayefungwa anainuka, mtazamaji hana mdomo, kula ni lazima, tusi moja wiki moja nje. Palikuja waliopunguzwa kazi Kiltex, palikuja makuli wa sokoni, palikuja mwalimu mmoja wa hesabu ambaye alikuwa akifungwa kila wiki na fundi viatu asiyejua kusoma. Mimi pale nilijifunza kuhesabu mbele hatua nne. Shuleni hawakunifundisha hivyo.

Kwa hiyo nakikumbuka kwa mapenzi. Ugomvi wangu ni na hii tabia ya kukumbuka nusu.

Tuanze na hilo la kamari. Wazee wangu, nani anamdanganya nani? Mwanzoni aliyefungwa alinunua kahawa na kashata. Ikaja shilingi 50, ikaja 100. Kufikia 1997 dau lilikuwa shilingi 200 kwa mchezo, zinakabidhiwa kwangu, nami naziandika nyuma ya daftari kwa penseli ili ziweze kufutika. Na Mwenyekiti alikuwa na chake, kiliitwa “ya ubao”. Leo mnawacheka madogo wanaobeti mechi za Ulaya kwa simu. Wao angalau wanaandika kwa kitu kisichofutika.

Sasa nije kwenye Jumapili moja ya Novemba 1997. Hiyo haikutajwa na mtu yeyote chini ya ile migomba.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza, lakini asubuhi ile palikuwa pakavu na maua ya mijakaranda yametapakaa barabarani. Akaja dogo mmoja, miaka 14 hivi, akatuamkia wote, shikamooni, akaomba zamu. Alikuwa nyoka. Waliokulia Arusha miaka ile wanajua nyoka ni nani: watoto walioingizwa kwenye mashimo ya tanzanaiti kule Mererani, kwa sababu miili yao inapita pale mtu mzima asipopita, wakapeleke zana na ujumbe, wakaangalie baruti imelipuka au bado. Vumbi la kule lina grafaiti, jeusi, linang'aa kama risasi ya penseli, na halitoki kwa kunawa mara moja. Dogo alikuwa amenawa, tuliona. Vidole vilikuwa vyeusi bado.

Tukampa zamu ili tucheke. Nikaandika “Dogo wa Mererani”. Jina lake sikumuuliza, na hakuna aliyemuuliza.

Akamfunga fundi viatu. Akamfunga mwalimu wa hesabu. Mchezo wa tatu alikaa Mwenyekiti mwenyewe, akafungwa. Dogo alikuwa na mchezo mmoja ambao mpaka leo nikifumba macho nauona: anakupa kete, anakupa ya pili, anakupa ya tatu, na kwa kuwa sheria yetu inasema kula ni lazima, unakula tu huku roho inakuuma, halafu anakula nne kwa mkupuo na kusimama kingi. Hacheki, haringi. Anafuta kidole kwenye kaptura, anapanga upya. Mpaka saa nane alikuwa amecheza michezo 11 na kushinda 11. Mchezo wa 11 alikuwa Mwenyekiti tena.

Mwenyekiti akanyanyuka, akauangalia ubao. Kwenye miraba myeupe palikuwa na alama za vidole. Akasema, “Huyu anatuchafulia ubao.”

Basi. Halikutolewa shtaka lingine. Tulikuwa watu kama ishirini, wanaume na ndevu zetu, tumefundishwa na mchezo ule kuhesabu hatua nne mbele, na hakuna aliyeona hatua moja. Dogo akaniangalia mimi kwa sababu pesa ilikuwa kwangu. Michezo 11, dau 200, shilingi 2,200 alizoshinda. Nikamwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema pesa ya ubao inabaki kwenye ubao. Dogo akasimama kidogo, akasema asante, akaondoka upande wa stendi.

Jioni niliambiwa ule ukurasa niuchane, nikauchana. Nilikuwa na miaka 19, sikuwa mtoto. Shilingi 2,200 ziliongezewa kidogo, zikanunua rangi mpya ya ubao na mbao za benchi refu. Ndugu zangu, lile benchi mlilopiga nalo picha, ambayo sasa mnataka ichapwe kifuani kwenye fulana, ndilo hilo.

Wiki iliyofuata ukutani iliongezwa sheria: mchezaji awe na makazi yanayojulikana. Ilikuwa imemlenga mtoto mmoja ambaye wala hakurudi. Lakini sheria ikishaandikwa hutafuta kazi. Ikawatoa makuli, wanaolala popote. Ikamtoa mpiga debe. Kuna mama muuza ndizi wa jirani aliyewahi kumwelekeza mwanawe kete moja, na kete hiyo ikashinda. Naye alifukuzwa kwa mtazamaji hana mdomo, wakati wanaume walipiga mdomo kila siku. Mpaka mwisho wa 1998 tulibaki saba. Watu saba wanaojuana kila ujanja, wanacheza sare mpaka giza. Fundi viatu alihamishia kiti chake barabara ya pili bila kuaga. Nani angekaa kutazama sare?

Mgambo walikuja mara moja tu, 1999. Walituambia tusogeze benchi, limeziba mtaro. Tukalisogeza hadi uani kwa mwenye duka, na hakuna aliyejisumbua kulirudisha. Huko ndiko kuuawa kwetu na serikali! Yule dogo alitufunga, sisi tukakifunga kijiwe taratibu kwa mikono yetu, miezi kumi na nane.

Nimejiuliza sana kwa nini Mwenyekiti, mtu ambaye kwa mengine alikuwa mwema, alishtuka vile kwa vidole vya mtoto. Nadhani ninajua. Wenye umri wake wanaikumbuka 1983, Sheria ya Nguvukazi, watu walivyozolewa vijiweni wakiitwa wazururaji na kuambiwa warudi vijijini wakalime. Mtu akicheza bao au drafti saa nne asubuhi, kitambulisho hana, anapandishwa gari. Wazee wetu waliishi na hofu hiyo miaka mingi. Walijenga kijiwe chenye daftari, mwenyekiti na sheria ukutani ili kionekane kama ofisi, wasije wakaitwa wazururaji tena. Akatokea mtoto mweusi wa grafaiti, hana kwao, na anawashinda. Wakaliona lile neno limekaa kwenye benchi lao. Wakamfanyia walichofanyiwa.

Hilo naweza kulielewa. Nisiloweza kulivumilia ni 2016. Rais Magufuli alipowaagiza wakuu wa mikoa wasiwaache vijana wacheze puli saa za kazi, nani walishangilia kwanza pale mtaani? Ni hawa hawa ndugu zangu wa drafti. Nilikuwepo. “Wapelekwe mashambani!” Eti nyie, mliokaa chini ya mti kuanzia saa tatu asubuhi! Leo kwenye msiba mnasema wenye madaraka hawapendi watu wakae pamoja wakifikiri. Mnachagua kumbukumbu kama mtu anayechagua nyanya sokoni, mnaziminya, zilizolainika mnamrudishia mwenye genge.

Na lile la familia. Eti mtu akikosekana siku mbili tunamtafuta kwao. Aprili 1998 mvua zile zile zilijaza mashimo ya Mererani na makumi ya wachimbaji wakafia chini. Redio zilitangaza, mji mzima ulizungumza, maana Mererani wakati ule ilikuwa bado mkoa wa Arusha na kila mtaa ulikuwa na mtu wake kule. Jumamosi iliyofuata tulikaa kwenye benchi jipya tukacheza. Hakuna aliyesema “yule dogo”. Mimi nililifikiria, nikainamisha kichwa nikaandika matokeo. Labda hakuwemo. Labda yu hai, mtu mzima, ana watoto na duka la vifaa vya ujenzi. Ningemtafuta kwa jina gani?

Mzee wangu Mwenyekiti, shikamoo. Najua utasomewa haya na mmoja wa vijana wako, na utasema chalii amekuwa na dharau. La, nakuheshimu. Ulinilipia karo ya muhula mmoja, sijasahau, na hilo pia litakuwamo kwenye kijitabu. Lakini uliniambia niandike historia “nzuri”. Mji huu wetu, mzee, watu wa nchi nyingine walikuja kusuluhishwa hapa. Warundi walikaa Arusha miaka, chini ya Mwalimu Nyerere na baada yake Mandela, mpaka wakatia saini Agosti 2000, na ilibidi kila upande usikie yale usiyopenda kusikia. Mambo yao yalikuwa ya damu, silinganishi. Nasema tu kwamba sisi wenye mji tumeshindwa kusema ukweli wa ubao wa drafti.

Wapo walionipigia simu baada ya kusikia ninachoandika. Mmoja akasema, achana nayo, yule alikuwa dogo tu, na miaka imepita, na pesa yenyewe 2,200. Ndugu yangu, kama ilikuwa ndogo hivyo, mbona hatukumpa? Mwingine, ambaye namheshimu zaidi, akasema nikiandika haya vijana watadhani vijiwe vyote vilikuwa vya watu wabaya, na wataona afadhali simu zao. Hoja hiyo ilinisumbua. Lakini nimewaona vijana wa nyumba ya jirani yangu Sakina. Wanacheza mpira wa kwenye skrini kwenye banda la bati, na ukutani wameandika sheria zao. Nilizisoma. Ya tatu inasema: wachafu hawaruhusiwi kushika pedi. Nilitaka kuwaambia kitu, nikakosa pa kuanzia, kwa sababu historia tuliyowaachia ni ya familia moja isiyobagua mtu.

Fulana ni shilingi 15,000 kila mtu. Yangu sijalipa na sitalipa. Napendekeza fungu lile lifanye kazi nyingine: tuhesabu shilingi 2,200 za 1997 ni ngapi leo, aliyekuwa mwalimu wa hesabu yupo na atatusaidia, halafu twende Mererani tukawaulize wachimbaji wa zamani kama wanamkumbuka nyoka aliyekuwa bingwa wa drafti, anayetoa kete tatu kabla ya kula nne. Mchezo ule si wa kusahaulika, waliocheza naye watakuwepo. Tukimpata tumpe pesa yake na tumwombe atuambie jina lake, niliandike kwenye ukurasa mpya. Tukiambiwa alikuwa shimoni Aprili ile, tuulize kwao ni wapi.

Mimi nitaondoka Jumamosi ya kwanza baada ya jarida hili kutoka, gari la saa moja asubuhi. Daftari nitalibeba. Mwenyekiti, kiti cha mbele nitakuwekea.