Mpango wa Biashara Uanzie Sokoni

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa mara nyingi madarasani panapofundishwa uwekaji hesabu, lakini aghalabu huishia kuwa pambo la utangulizi. Mwanafunzi anapofikia kazi yenyewe, yaani kuandaa mpango wa biashara anayokusudia kuianzisha, daftari huwekwa kando na nakala ya aliyemtangulia ikatafutwa.

Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Kenya limekuwa likiwataka watahiniwa wa kozi kadhaa za stashahada waandike mpango wa aina hii. Sehemu zake zinajulikana: maelezo ya biashara, soko, uongozi, uzalishaji na fedha. Muundo huo hauna ila. Kasoro i katika namna unavyojazwa. Si siri kwamba mipango iliyokwisha kuandikwa huazimwa na hata kuuzwa, jina la mji likabadilishwa na tarakimu zikaachwa zilivyo. Hivyo duka lililobuniwa kwa ajili ya mji mwingine hujikuta Kitengela, likiwa na kodi, wateja na faida ya kwingineko.

Kitengela si mji wa kukisiwa. Uko kando ya barabara iendayo Namanga, na umekua upesi kwa kuwapokea watu wanaofanya kazi Nairobi na katika viwanda vya Athi River. Ukiupita kuelekea Isinya na Kajiado, unaingia katika nchi ya wafugaji. Eneo hili ni kame. Mvua hutarajiwa kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba, nazo huweza kukosekana kabisa, kama ilivyokuwa katika ukame uliokithiri mwaka 2022, mifugo mingi ya Kajiado ilipoangamia. Mathalani, mtu anayetaka kuuza maziwa Kitengela hununua kwa mfugaji na kumwuzia mfanyakazi wa mshahara. Mapato yake hutegemea mawingu kwa upande mmoja na tarehe ya mwezi kwa upande wa pili. Mpango ulionakiliwa haujui hayo. Huonyesha mauzo yaleyale tangu Januari hadi Desemba, kana kwamba ng'ombe hawali nyasi.

Mfano wa kubuni utadhihirisha hatari iliyopo. Mwanafunzi aandike kwamba atanunua lita 40 za maziwa kila siku kwa shilingi 60 lita moja, na kuziuza kwa shilingi 80. Faida ghafi itakuwa shilingi 800 kwa siku, au 24,000 kwa mwezi wa siku 30. Tarakimu hiyo inapendeza, na wengi hukomea hapo. Lakini kodi ya kibanda ikiwa shilingi 7,000, umeme 2,000, usafirishaji 4,500 na mshahara wa msaidizi 8,000, gharama zinafika 21,500. Kinachobaki ni shilingi 2,500 tu. Maziwa nayo huchacha. Lita tatu tu zikiharibika kila siku, mauzo ya shilingi 7,200 yanapotea kwa mwezi, na ile faida inageuka kuwa hasara ya shilingi 4,700. Biashara iliyopata alama nzuri karatasini inakufa kwa sababu ya lita tatu ambazo hakuna aliyeuliza habari zake.

Zingeulizwa kwa lugha gani? Hapa ndipo suala la Kiswahili linapoingia. Mpango huandikwa kwa Kiingereza, ilhali biashara yenyewe hufanywa kwa Kiswahili. Mfugaji Mmaasai, mwenye kibanda Mkikuyu na mteja Mkamba hupatania bei kwa Kiswahili. Mwanafunzi akisimama mbele ya muuzaji na kusema, "Shikamoo mama, maziwa yanayobaki jioni unayafanyia nini?" huenda akaambiwa kwamba huachwa yagande na kuuzwa kesho yake yakiwa mala. Jibu hilo moja lina thamani kuliko kurasa kumi za kunakili. Aidha, istilahi za Kiswahili hujieleza zenyewe. Anayejua kwamba kitu ghafi ni kile ambacho hakijatengenezwa hatadanganywa na faida ghafi; atajua kwamba bado ina safari ndefu kabla ya kuwa faida halisi.

Wako watakaopinga kwa kusema kwamba mtihani ni wa Kiingereza na kwamba Kiswahili hakina msamiati wa uhasibu. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini haizuii kitu. Mwanafunzi anaweza kuuliza, kuhesabu na kufikiri kwa Kiswahili, kisha akaihamisha kazi katika Kiingereza mwishoni. Hoja ya pili haina mashiko. Mtaji, mizania, uchakavu, wadai, wadaiwa na mtiririko wa fedha ni maneno yanayotumika, na Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, limefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi. Isitoshe, ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna sababu ya lugha rasmi kukomea kwenye mlango wa darasa la biashara.

Walimu basi hawana budi kudai kwamba kila mpango uambatane na daftari la uchunguzi: bei zilizoulizwa, siku zilipoulizwa, na majibu yaliyotolewa. Daftari kama hilo ni gumu kuliazima. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo viandae orodha fupi za istilahi za hesabu na kuzifikisha katika taasisi za ufundi, badala ya kungoja vitabu.

Jambo hili si la alama peke yake. Wapo wahitimu ambao huutoa mpango uleule kabatini ili wauombee mtaji nyumbani. Mzazi wa Kajiado anayeuza ng'ombe ili mwanawe afungue kibanda Kitengela hastahili kulipwa kwa tarakimu za kuazima. Daftari likianza kujazwa sokoni, habari hazitapotea, na mali huenda ikabaki.