Mlango wa mshipa ulindwe

Jina la Modogashe si geni masikioni mwa Wakenya. Katika mji huo mdogo, ulio mpakani mwa Garissa na Isiolo, wazee na viongozi wa wafugaji walikubaliana mwaka wa 2001 juu ya kanuni za amani. Mojawapo ilimtaka mfugaji asiingize mifugo katika malisho ya wenzake kabla ya kupewa idhini. Ni kanuni nyepesi kutamka. Kazi ni kuitimiza kila siku.

Uko mpaka mwingine unaohitaji kulindwa kwa bidii iyo hiyo, nao ni ngozi ya mtoto mgonjwa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha kaskazini mashariki mwa nchi. Mifugo ilikufa, maziwa yakaadimika, na watoto wengi wakadhoofika kwa utapiamlo. Mtoto wa aina hiyo afikapo wodini, mara nyingi hutobolewa mshipa ili apewe dawa au maji. Yule ambaye utumbo wake umeshindwa kabisa kufanya kazi huhitaji hospitali kubwa, alishwe kupitia mshipa wa damu kwa mrija mwembamba uitwao katheta.

Tiba hiyo, ambayo daktari Stanley Dudrick na wenzake waliithibitisha mjini Philadelphia katika miaka ya 1960, imeokoa maisha ya watoto wengi. Hata hivyo, mlango upitishao chakula hupitisha pia adui. Bakteria na kuvu hupenda sukari na mafuta yaliyomo katika lishe hiyo, na ncha ya mrija hukaa karibu na moyo. Kiini kimoja kilichobebwa na mkono mchafu chaweza kuenea katika damu yote.

Hatari hii imepimwa papa hapa nchini. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi kati ya 2002 na 2009 ulionyesha kwamba watoto wapatao 6 katika kila 1,000 waliolazwa walipata maambukizi ya damu wakiwa humo humo hospitalini. Zaidi ya nusu yao walifariki. Utapiamlo mkali ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari hiyo.

Kinga ya kwanza ni kutofungua mlango bila sababu. Mtoto awezaye kumeza apewe maziwa ya tiba kwa kikombe. Akishindwa, alishwe kwa mpira wa puani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu mtoto mwenye utapiamlo mkali atiwe maji ya mshipa, isipokuwa hali yake imekuwa mahututi kwa kuishiwa na nguvu za mzunguko wa damu.

Ya pili ni usafi: mhudumu anawe mikono, asafishe ngozi kwa dawa na kuiacha ikauke, na asugue kiungo cha mrija kila anapokifungua. Anayesafiri na mtoto katika barabara ya vumbi ahakikishe bandeji ni kavu na haijalegea. Ya tatu ni kuuondoa mrija mara tu haja yake inapokwisha. Huko Michigan, Marekani, hatua chache za namna hii zilipofuatwa bila kuruka hata moja, maambukizi katika vyumba vya wagonjwa mahututi yalipungua kwa takriban thuluthi mbili, kama ilivyoripotiwa mwaka wa 2006.

Lakini muuguzi hanawi kwa ahadi. Serikali za kaunti katika maeneo kame hazina budi kuhakikisha kwamba maji, sabuni na dawa ya kusafishia ngozi vinafika wodini kabla ya mapambo ya majengo. Kumlaumu muuguzi aliyeachiwa bomba kavu ni kumwonea.

Walimu nao wana sehemu yao. Somo la viini vya maradhi lisiishie ubaoni. Wanafunzi wanawe mikono shuleni, wajue kwa nini, na wawafundishe wazazi kwamba homa au baridi ya ghafla, uvimbe, wekundu au usaha penye mrija ni habari ya kupelekwa kwa muuguzi papo hapo. Mzazi asione haya kumwuliza mhudumu, kwa adabu, kama amenawa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mtoto aliyenusurika ukame asije akauawa na mrija uliokusudiwa kumwokoa.