Tulipie Tiba Kamili ya Mionzi, Si Hesabu ya Vipindi

Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi nchini Marekani, aipokeapo ankara yake, hukuta mistari mingi inayofanana: tarehe, tarakimu tano, kiasi cha fedha, kisha tarehe nyingine, tarakimu zilezile, kiasi kilekile. Tarakimu hizo, kwa mfano 77412, ni msimbo wa malipo. Maana yake ni kwamba siku hiyo mgonjwa alilazwa juu ya meza ya mashine, akapangwa sawasawa, akapigwa mionzi, akaondoka. Huenda shughuli nzima ilichukua dakika 15. Kesho yake mstari huo hurudiwa.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya wahasibu. Mimi sioni hivyo. Namna tunavyoihesabu tiba kwa ajili ya malipo huchangia kuamua nani atatibiwa kwa siku ngapi, nani ataikatisha tiba njiani, na nani hataianza kabisa. Kwa sababu hiyo ni suala la kitabibu, na wahudumu wa afya pamoja na wagonjwa wana haki ya kulijadili.

Misimbo ya Marekani hutungwa na Chama cha Madaktari cha nchi hiyo. Kila hatua ina msimbo wake: upangaji wa tiba, ukokotoaji wa dozi, usimamizi wa daktari ambao hutozwa kwa kila vipindi vitano, na utoaji wa mionzi wenyewe ambao hutozwa kwa kila kipindi. Kuanzia Januari 2026 misimbo ya utoaji imepangwa upya katika ngazi tatu, yaani 77402, 77407 na 77412, kwa kufuata ugumu wa kazi badala ya jina la teknolojia iliyotumika. Ni marekebisho mema, maana mpangilio wa awali uliwachanganya hata wazoefu. Hata hivyo, kitu kinachohesabiwa kimebaki kilekile: kipindi.

Wakati hesabu ikibaki palepale, sayansi imesonga mbele. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani ya titi aliyekwisha kufanyiwa upasuaji alipewa mionzi mara 25 kwa muda wa wiki tano. Tafiti zilizofanywa Uingereza na Kanada zikaonyesha kwamba vipindi 15 au 16, kwa dozi kubwa kidogo kila siku, vinatosha. Mwaka 2020 ukachapishwa utafiti wa FAST-Forward wa Uingereza, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,000. Ulionyesha kuwa vipindi 5 katika wiki moja huzuia saratani kurudi kwenye titi kwa kiwango kisichopungua kile cha vipindi 15, katika miaka mitano ya ufuatiliaji. Kwa maumivu ya saratani iliyoenea kwenye mifupa, dozi moja ya gray 8 hutuliza maumivu sawa na vipindi 10, ingawa baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudia.

Hapo ndipo mfumo wa kulipa kwa kipindi unapojikwaa. Hospitali inayofuata ushahidi na kumtibu mgonjwa kwa siku 5 badala ya 25 hupoteza sehemu kubwa ya mapato ya utoaji wa mionzi, ilhali kazi ya kupanga tiba na kukagua dozi haikupungua. Wakati mwingine imeongezeka, kwa kuwa dozi kubwa haisamehe kosa. Simtuhumu daktari yeyote kwamba huandika vipindi kwa tamaa. Nasema tu kwamba mfumo unaomwadhibu mtu kwa kufanya lililo jema hauwezi kutegemea wema wake milele.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo lina sura yake. Nchini Kenya, kifurushi cha saratani cha mfuko wa zamani wa NHIF kiliihesabu mionzi kwa vipindi, kikaweka ukomo wa vipindi 20. Lakini tiba ya kawaida ya saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa unaowaua wanawake wengi wa ukanda huu, huhitaji takriban vipindi 25 vya mionzi ya nje, kisha mionzi ya ndani. Vitano vilivyobaki vingelipwa na nani? Saratani haisomi kifurushi cha bima. Na katika ugonjwa huu, kila siku inayoongezeka baada ya muda uliopangwa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti kwa takriban asilimia 1. Mgonjwa anayesimama wiki mbili akitafuta fedha amepoteza kitu ambacho fedha hazitakirudisha.

Tuongeze gharama ambazo hazina msimbo wowote. Mama atokaye Kigoma kwenda Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Wiki tano za tiba ni wiki tano za malazi, chakula, na shamba lisilo na mtu. Kwa mama huyo, tofauti kati ya vipindi 5 na 25 yaweza kuwa tofauti kati ya kumaliza tiba na kuiacha.

Zipo hoja za kupinga, nazo ni nzito. Hospitali ikilipwa kiasi kimoja kwa tiba nzima, yaweza kushawishika kumpa mgonjwa huduma pungufu na kubakiza fedha. Marekani yenyewe ilipanga kujaribu malipo ya namna hiyo kupitia Medicare, kwa kulipa kiasi kimoja kwa siku 90 za tiba. Mpango ukaahirishwa mara kadhaa, na mwaka 2022 ukasitishwa bila tarehe mpya, baada ya upinzani mkubwa wa watoa huduma waliohofia kupunjwa. Nakubali hofu hiyo. Tena si kila saratani inafaa kutibiwa kwa vipindi vichache. Lakini dawa ya hofu hiyo ni ukaguzi: kiwango kipangwe kwa aina ya ugonjwa na lengo la tiba, kitoshe gharama halisi, na hospitali ionyeshe kwamba dozi yote iliyoandikwa ilitolewa kwa wakati. Idadi ya vipindi iendelee kuandikwa kwenye kumbukumbu kama kipimo cha ubora. Isiwe ndiyo bei.

Mabadiliko ya mfumo huchukua miaka; wagonjwa wa kesho asubuhi hawawezi kuyangoja. Kwa wahudumu wenzangu, naomba jambo moja: tusimwanzishie mgonjwa kipindi cha kwanza kabla ya kuomba idhini ya bima kwa tiba yote, kuanzia upangaji hadi kipindi cha mwisho. Idhini ya nusu huzaa tiba ya nusu. Na pale ushahidi unaporuhusu ratiba fupi, tumweleze mgonjwa kwamba ipo.

Kwa wewe mgonjwa, au ndugu unayemuuguza, usione haya kuuliza kabla ya kuanza: Nimepangiwa vipindi vingapi, na kwa nini idadi hiyo? Je, ipo ratiba fupi inayofaa ugonjwa wangu? Bima yangu inalipa vyote, au inakoma katikati? Majibu uyaombe kwa maandishi. Maswali hayo si ukosefu wa adabu wala dharau kwa daktari. Ni sehemu ya tiba yako, kama ilivyo dozi yenyewe.