Fed ikibana dola, mwenye hisa Nairobi asikimbilie kuuza

MKULIMA wa majani chai huko Kericho aliyenunua hisa za Safaricom kwa Sh5 mwaka wa 2008 alizishuhudia zikipita Sh40 katikati ya 2021. Kufikia mwisho wa 2023 zilikuwa chini ya Sh15. Hata hivyo, kampuni hiyo ilikuwa ikipata faida, na gawio la mwaka huo lilikuwa Sh1.20 kwa kila hisa. Aliyeuza kwa hofu huenda alidhani kampuni inazama. Gharama za kuanzisha biashara Ethiopia zilichangia, lakini sehemu ya maradhi ilitoka mbali zaidi, Washington.

Kabla ya msukosuko wa kifedha wa 2008, mali katika mizania ya Benki Kuu ya Marekani, Fed, haikufika dola trilioni 1. Mapema 2022 ilikaribia trilioni 9, kwani benki hiyo ilikuwa imenunua hatifungani za serikali na za mikopo ya nyumba kuokoa uchumi, kwanza baada ya msukosuko huo na tena wakati wa Covid-19. Juni 2022 ikaanza kupunguza. Haikubeba hatifungani kwenda kuziuza sokoni. Zilipoiva ililipwa pesa zake, na haikununua nyingine badala yake, kwa kikomo cha dola bilioni 95 kwa mwezi kuanzia Septemba mwaka huo.

Mkulima wa mahindi Trans Nzoia hahitaji mwalimu wa kumweleza matokeo. Bodi ya nafaka ikinunua, bei husimama. Ikifunga maghala, mwenye magunia hutafuta mnunuzi mwingine, naye hufika na bei yake. Serikali ya Marekani nayo ilipokosa mnunuzi wake mkubwa, ilibidi iwavutie wengine. Bei ya hatifungani ikishuka, faida ya anayeinunua hupanda. Wakati huo huo Fed ilikuwa ikipandisha riba, kutoka karibu sufuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 Julai 2023. Kutenganisha athari za hatua hizi mbili ni kazi ngumu, na anayejigamba kuwa na hesabu kamili atiliwe shaka.

Mwekezaji wa kigeni anayeweza kupata asilimia 5 kwa dola, akiwa kwao na bila wasiwasi, ana sababu gani ya kukaa Nairobi? Wengi waliondoka. Na anayetaka kutoka haraka huuza kile chenye wanunuzi, yaani Safaricom na benki kubwa, hata kama hana ugomvi na kampuni hizo. Faharasa ya hisa zote katika soko la Nairobi ilipoteza zaidi ya asilimia 23 mwaka wa 2022, na zaidi ya asilimia 27 mwaka uliofuata. Kila aliyeuza alitafuta dola za kuondoka nazo, wakati ambapo Kenya yenyewe ilikuwa ikihangaika kuhusu deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililopaswa kulipwa Juni 2024. Dola iliyouzwa Sh113 mwishoni mwa 2021 ikapita Sh150 miaka miwili baadaye.

Hapa ndipo mambo yanapochanganya. Majani chai ya mnada wa Mombasa huuzwa kwa dola, kwa hivyo shilingi iliyodhoofisha hisa za mkulima wa Kericho ilimwongezea shilingi katika kila dola ya chai yake. Mwenzake wa Trans Nzoia, anayeuza mahindi kwa shilingi na kutegemea mbolea inayoagizwa kutoka ng'ambo, hakupata fidia hiyo. Kama naye alikuwa na hisa, alipigwa pande zote mbili.

Kosa jingine ni kuamini kwamba Fed ikipunguza, hisa lazima zishuke. Faharasa ya S&P 500 ya Marekani ilianguka kwa takriban asilimia 19 mwaka wa 2022, kisha ikapanda asilimia 24 mwaka wa 2023 huku upunguzaji ukiendelea. Mojawapo ya sababu ni kwamba palikuwa na akiba: mashirika ya fedha yalikuwa yamelaza zaidi ya dola trilioni 2 huko huko Fed, na pesa hizo ndizo zilizotumika kwanza kununua dhamana mpya za serikali. Ghala likiwa na ziada, anayechota hasikiki. Zamu ya awali ya kupunguza, iliyoanza Oktoba 2017, ilifika chini ya ghala. Septemba 2019 riba ya mikopo ya usiku mmoja iliruka ghafla na Fed ikalazimika kumwaga pesa upesi. Safari hii ilipunguza mwendo Juni 2024, ikasimama Desemba 1, 2025 ikiwa imebaki na takriban dola trilioni 6.5.

Nairobi ilipata nafuu mapema zaidi. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya Eurobond ile, kwa bei ghali, shilingi ikapata nguvu, na faharasa ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja mwaka huo. Aliyeuza Desemba 2023 ili anunue mbolea ya Machi hakuwa na bahati, na kusema kweli pesa za mbolea hazikufaa kuwa kwenye hisa tangu mwanzo.

Lawama nyingine ni ya hapa nyumbani. Hazina za pensheni za Kenya zimekuwa zikiweka karibu nusu ya mali yake katika dhamana za serikali, hivyo mgeni anapouza, mwenyeji mwenye kifua cha kununua ni adimu. Ripoti za soko huonyesha wageni wamenunua kiasi gani na kuuza kiasi gani. Mwenye hisa aombe dalali takwimu hizo, pamoja na hesabu za kampuni yenyewe, kabla ya kutia sahihi fomu ya kuuza.