Sherehe ya chuo si mchezo

Tunasikia watu wengi wakisema: «Mwanafunzi anayeshughulikia sherehe za chuo anapoteza wakati wake na feza za wazazi. Mshika mbili, moja humponyoka.» Maneno hayo yanasemwa kwetu, yanasemwa vilevile katika inchi ya Uhindi, ambako vijana wengi wa Kongo wanakwenda kusoma. Sisi tunayapinga.

Tutazame chuo cha ufundi cha IIT Bombay, kilichoanzishwa mwaka 1958 kule Mumbai. Kuingia humo si jambo rahisi. Mwaka 2024 vijana karibu 180,000 walifanya mtihani wa mwisho wa kuingia katika vyuo 23 vya namna hiyo, na nafasi zilikuwa 17,740 tu. Mwanafunzi akifika mwaka wa mwisho, makampuni yanakuja kuchagua wafanyakazi tangu mwanzo wa Desemba: kwanza mitihani, kisha maulizo uso kwa uso. Na mwezi uleule wa Desemba inafanyika Mood Indigo, sherehe kubwa ya nyimbo, ngoma na michezo ya jukwaani, ambayo wanafunzi wenyewe wanaitengeneza tangu mwaka 1971. Basi kijana anaitwa na kampuni, na papo hapo anaitwa na wageni wasio na pahali pa kulala.

Wanaosema «aache sherehe» wanafikiri sherehe ni kucheza tu. Sivyo. Sherti feza zitafutwe na zihesabiwe, mapatano yaandikwe, walinzi wapangwe, milango na njia za kutokea zitazamwe. Tarehe 25 Novemba 2023, katika Chuo Kikuu cha Cochin, wakati wa sherehe ya wanafunzi, watu walisukumana kwenye ngazi za kuingilia uwanja wa michezo ya jukwaani. Wanne walikufa, na makumi ya wengine waliumia. Nani atasema tena kwamba kupanga mlango ni mchezo? Kazi inayolinda uhai wa watu haiachwi njiani kwa sababu mtu ameitwa kwingine.

Lakini hatuwatetei wanafunzi wote. Wako wanaotaka cheo katika kamati ili waongeze mstari mmoja katika karatasi ya kuombea kazi. Jina lao liko juu ya orodha, na jasho ni la wadogo wa mwaka wa kwanza. Hao ndio wanaoshika mbili na kuangusha zote. Siku ya maulizo, bwana wa kampuni akisema: «Tueleze ulifanya nini feza zilipopunguka,» watajibu nini? Aliyefanya kazi kweli ana la kusema, wala hana haja ya kulikariri usiku kucha.

Basi kijana afanye nini? Aseme mapema mbele ya wenzake: «Siku hizi na hizi nitakuwa kwenye maulizo.» Agawe kazi, aandike yote katika daftari, amkabizi mwenzake funguo na hesabu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Saa alizoziweka kwa kujitayarisha azishike kwa nguvu, zisiwe makombo ya usiku. Na akiona hawezi, aache cheo miezi mingi mbele, si siku tatu kabla ya wageni kufika. Kuacha mapema ni heshima; kuacha mwishoni ni kuwatupa wenzake.

Wakubwa wa vyuo nao wana lawama yao. Wanakubali mambo mawili mazito katika mwezi mmoja, kisha wanamshangaa kijana aliyechoka. Tarehe hazikushuka kutoka mbinguni. Zimewekwa na watu, na watu wanaweza kuziondosha.

Na sisi wazazi, tujiulize. Tunataka mtoto apate kazi, na haki ni yetu, maana tumejinyima kwa ajili ya masomo yake. Lakini tukimfundisha kwamba mshahara unampa ruhusa ya kuwaacha watu aliowaahidi, somo hilo halitabaki chuoni. Atarudi nalo nyumbani. Siku tutakapokuwa wazee na wagonjwa, naye ameitwa mbali kwa mshahara mkubwa zaidi, atalikumbuka vizuri. Tusiseme basi: «Nani alimfundisha?»