Usiuze ng'ombe ununue kamera ya harusi

MZEE mmoja wa Kirua Vunjo alinisimamisha hivi karibuni karibu na stendi kuu ya mabasi ya Moshi akiwa na swali moja tu. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, anataka kuwa mpiga video za harusi, na amemwomba baba yake auze ng'ombe wa maziwa ili anunue kamera. "Wewe kazi hii umeifanya miaka mingi," akaniambia. "Niuze au nisiuze?"

Nilimjibu palepale, lakini jibu la kusimama barabarani halitoshi. Najua wapo wazazi wengi huku milimani wenye swali kama lake, na wapo vijana wengi wanaosubiri jibu. Leo nalieleza kwa kirefu.

Niseme wazi kwanza kwamba biashara ya video za harusi ina fedha, na mkoa wa Kilimanjaro ni soko zuri. Kila Desemba watu wetu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata nchi za nje kuja kula Krismasi nyumbani, na familia nyingi hupanga harusi wakati huo kwa kuwa ndugu wote wapo. Jumamosi moja unaweza kukuta misafara miwili au mitatu inapishana kwenye mzunguko wa mnara wa saa, kila mmoja na matarumbeta yake. Ukiongeza sherehe za kumuaga binti, ubarikio na kipaimara, kazi haikosekani.

Hata hivyo, nionavyo mimi, wengi wanaoanza hawaangushwi na ubovu wa kamera. Wanaangushwa na sauti mbovu, betri iliyokufa, kadi iliyojaa na ahadi zisizotimizwa. Kijana anayemaliza mtaji wote kwenye kamera ni sawa na mkulima aliyenunua miche bora ya kahawa kutoka TaCRI Lyamungu, kisha akabaki hana fedha ya mbolea wala muda wa kupogoa. Mche utaota, lakini mavuno hatayaona.

Sauti ndiyo harusi yenyewe

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilipiga video ya harusi moja Marangu. Nilikuwa na kamera nzuri kuliko wenzangu wote, na nilijivuna. Jioni, bibi yake bwana harusi alisimama akawabariki wajukuu zake kwa Kichagga. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale alipo, na nyuma ya hema jenereta lilikuwa linanguruma. Picha ilitoka safi kabisa, hata machozi ya bibi yanaonekana. Lakini kinachosikika ni jenereta.

Mwaka uliofuata bibi alifariki. Familia ikaja kuniuliza kama kuna mahali sauti yake imebaki. Haikuwapo. Fedha yangu nilishalipwa yote, na hakuna aliyenidai senti, lakini deni lile ninalo mpaka leo. Harusi hairudiwi. Mahindi yakikauka msimu huu utapanda mwakani, lakini baraka ya bibi hutaipata tena.

Ndiyo maana nasema kifaa cha kwanza cha kununua ni maiki. Siku hizi kila mgeni ukumbini ana simu inayopiga picha nzuri. Kamati haikulipi wewe kwa sababu wao hawana picha. Wanakulipa ili viapo, nasaha za wazazi na risala zisikike mwanzo hadi mwisho. Simu iliyoshikwa na mgeni aliye meza ya kumi haiwezi kufanya hivyo.

Maiki ya juu ya kamera husikia kila kitu kilicho karibu nayo, ikiwa ni pamoja na watoto, upepo na kikohozi chako. Mbandike bwana harusi maiki ndogo kwenye koti lake kabla hajaingia kanisani, kwani itachukua sauti yake na ya bibi harusi, maana wakati wa viapo wamesimama karibu. Ukumbini, nenda mapema kwa fundi mitambo umwombe kwa heshima akuruhusu kuunganisha kinasa sauti kwenye miksa yake. Na kama huna kinasa sauti, simu ya zamani iliyowekwa karibu na spika, si mbele yake kabisa, ni bora kuliko kukosa. Kila kinasa kikishaanza, piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo litakusaidia kupatanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Halafu vaa visikilizio masikioni. Anayerekodi bila kusikiliza anabahatisha.

Umeme, mwanga na kadi

Jambo la pili ni umeme. Usitegemee kuchaji ukumbini. Umeme unaweza kukatika, na hata ukiwapo, soketi zote zimeshachukuliwa na dijei na mpishi. Chaji betri zote usiku wa Ijumaa, uwe nazo tatu au zaidi, na ile iliyokwisha iwekwe mfuko tofauti ili usiirudishe kwenye kamera kwa haraka.

Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50. Kamera nyingi za mtumba zilizotoka Marekani hupangwa kwa fremu 30 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wa kule ni hezi 60. Ukiitumia hivyo hivyo kwenye ukumbi wenye taa za tyubu, picha inaweza kucheza au kuwa na michirizi. Ingia kwenye menyu, chagua PAL, weka fremu 25, na kasi ya shata iwe 1/50. Marekebisho hayo hayagharimu hata shilingi. Unaponunua mtumba, hakikisha pia lugha ya menyu, kwani baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake.

Usimpige bibi harusi akiwa mlangoni mwa kanisa huku mwanga mkali unatoka nyuma yake, bila kurekebisha mwanga wa kamera. Uso utakuwa mweusi na gauni litawaka. Pima mwanga wa uso kwanza. Ukumbini, wakati ndafu inaingia na taa za rangi zinazunguka, taa ndogo ya LED juu ya kamera inatosha. Usiwamulike wazee machoni wakati wote wa chakula.

Upande wa kadi, hesabu ni rahisi. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde inakula gigabaiti 22.5 kwa saa. Saa 2 za kanisani na saa 4 za ukumbini ni gigabaiti 135. Kwa hiyo kadi tatu za gigabaiti 64 zinakutosha na ziada inabaki. Ni afadhali kadi tatu za kati kuliko moja kubwa, kwa sababu ikiharibika moja hupotezi siku nzima. Usifute kadi yoyote mpaka kazi iwe kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale nyumba moja.

Kuhusu upigaji wenyewe, nina mambo machache tu. Simamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu kila penye maneno, yaani viapo, mahubiri, nasaha na risala. Shika mkononi penye mwendo, yaani maandamano, ndafu na ngoma. Anza kurekodi sekunde 5 kabla na uache sekunde 5 baada. Usivute picha mbele na nyuma ovyo, kwani mtazamaji ataona kizunguzungu. Zungumza na padri au mchungaji kabla ya siku ya ndoa, umuulize usimame wapi na usivuke wapi. Na katika msafara, usining'inie dirishani wala nyuma ya pikapu ili kupata picha ya gari la maharusi. Barabara zetu za milimani zina kona nyingi.

Usisahau pia kwamba huku juu kuna unyevu. Lenzi iliyofungiwa kwenye begi lenye majimaji baada ya masika huota ukungu ndani. Iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Hesabu ya msimu

Sasa turudi kwa ng'ombe. Tuseme kijana analipwa shilingi 600,000 kwa harusi moja. Kamera amekodi kwa 100,000. Msaidizi 80,000, usafiri 60,000, mhariri mwenye kompyuta yake 120,000, flashi na vocha 30,000. Jumla ya gharama ni 390,000, anabakiwa na 210,000. Bei zitatofautiana kati ya mjini na Rombo, na kila mtu aweke zake, lakini hesabu ifanywe kwa namna hiyo. Akipiga harusi 10 kwa mtindo huo, ana shilingi 2,100,000 mkononi, amejifunza kazi kwa kamera ya mwenzake, na tayari anajua ni kamera gani inamfaa.

Hapo ndipo anunue, na bado asimalize fedha yote. Nashauri kamera na lenzi zisichukue zaidi ya nusu ya mtaji. Nusu nyingine iende kwenye maiki, stendi, taa, betri, kadi na diski, na ibaki akiba ya nauli. Droni isubiri. Mbali na bei yake, hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Tatizo kubwa la biashara hii ni kwamba ina msimu, kama kahawa. Desemba huna nafasi ya kulala. Ikifika Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa za sherehe, na baada ya Pasaka tuko katikati ya masika, wakati hema na matope havipatani. Aliyechukua mkopo wa marejesho ya kila wiki atatoa fedha wapi mwezi Machi? Nimeona vijana wakiuza kamera kwa hasara mwezi huo, kamera waliyoinunua Novemba.

Ng'ombe hana Kwaresima. Anatoa maziwa asubuhi na jioni, mbolea yake inakwenda kwenye migomba na kahawa kihambani, na fedha ya maziwa ndiyo itakayomlisha kijana huyo wakati simu haiiti. Kumuuza ng'ombe ili kununua kamera ni kuuza kipato cha mwaka mzima ili ununue kipato cha miezi michache.

Kwa wanaohitaji mkopo kweli, ni heri vijana wajiunge kikundi na kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo hugawiwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Vijana kadhaa wenye kamera mbili na maiki nne watafanya kazi nzuri kuliko kila mmoja kuwa na kamera yake bila maiki.

Neno la mwisho kuhusu malipo. Mteja wako mara nyingi ni kamati ya harusi, na kamati ina uhai mfupi. Andikianeni, japo ukurasa mmoja, ukitaja saa za kazi, bei, idadi ya nakala na siku ya kukabidhi. Chukua nusu kabla, na salio lilipwe kabla ya kikao cha kuvunja kamati. Baada ya kikao hicho mweka hazina si mweka hazina tena, na utabaki unamdai bwana harusi ambaye naye ana madeni yake. Nawe ukiahidi siku 30, kabidhi siku ya 30. Kumuweka mteja miezi sita bila kanda ya harusi yake ndiko kumelichafua jina la kazi hii.

Kwa hiyo mzee wangu wa Kirua, jibu langu ni lilelile. Usimuuze. Mpe kijana fedha ya maziwa ya miezi michache anunue maiki, betri na kadi. Mwache akodi kamera kwa harusi za kwanza, na umwambie akuletee hesabu kila baada ya harusi, iandikwe kwenye daftari. Akifika ya kumi akiwa bado anaipenda kazi, kamera atainunua mwenyewe. Na siku bibi yake atakaposimama kuwabariki wajukuu, awe karibu naye na maiki.